Mama Laini na Visanduku Vitatu

Majirani wanamwita mama yetu Mama Laini, na mgeni akisikia hivyo hudhani atakutana na mwanamke mpole. Asijidanganye. Jina limetokana na kazi. Kabla ya kustaafu mama alikuwa opareta wa simu. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, visikilizio kichwani, akichomeka waya hapa na kuuchomoa pale, akiunganisha watu waliotaka kuzungumza. "Subiri nikuunganishe." "Laini ina shughuli." "Muda wako umekwisha, unaongeza?" Tumekua na maneno hayo. Ukimwomba chakula kabla hakijaiva, alikujibu kwamba laini ina shughuli, nawe ukajua urudi baadaye.

Alikuwa na kanuni moja ya kazi aliyopenda kutuhubiria: opareta mwema akishawaunganisha watu, hujitoa kwenye laini, hasikilizi. Akimaliza mahubiri hayo alitusimulia nani alimwambia nani nini, na nani alilia kabla ya kukata simu.

Baba alikuwa mwashi, na nyumba yetu aliijenga kama mtu anayetarajia vita. Kuta zake ukizipigilia msumari, kinachopinda ni msumari. Kila alipopata mtoto au saruji iliyobaki kazini aliongeza chumba, mpaka nyumba ikawa ndefu kama maneno ya shangazi. Mbele kuna sebule na vyumba vyetu, mimi na mama. Ukipita korido unafika nyuma, kwa mdogo wangu, Fundi. Juu ya Fundi anaishi kaka yetu mkubwa, Mwalimu, na mkewe na watoto, na ngazi yao inashukia mlangoni kwa Fundi. Yaani hawa wawili hawawezi kuishi bila kupishana.

Kupishana walipishana, ila hawakusemezana. Kisa chenyewe ni hiki. Fundi ni fundi umeme. Kaka alipohamia juu, Fundi alimwekea nyaya zote, likizo yake nzima ikaishia darini. Kazi ilipokwisha, Mwalimu akamwita fundi mwingine aje kuikagua. Ni sawa na mkeo kukupikia, nawe ukamwita jirani aonje kwanza. Fundi alinuna, Mwalimu akaona amenuniwa bure, naye akanuna. Tangu siku hiyo kila neno kati yao likapita kwa mama.

Hata siku tuliyokaa mezani kuzungumzia intaneti ilikuwa hivyo hivyo. Ruta ilikuwa sebuleni, na kwa kuta za baba, mawimbi yalifika mwisho wa korido yakiwa hoi. Mwalimu, ambaye anafundisha hesabu kwa njia ya mtandao, alikuwa akishuka kufundishia kwenye ngazi.

"Mama, mwambie mwanao," alisema, huku akimkazia macho Fundi, "kwamba juu mtandao haufiki. Nafundishia ngazini kama mwizi."

Mama akageuza shingo. "Kaka yako anasema anafundishia ngazini kama mwizi."

"Nimesikia. Mwambie mwanao siku zangu za mapumziko nimechoka kuamshwa na kipeuo cha pili."

"Mdogo wako amechoka kuamshwa na kipeuo cha pili."

"Muulize kipeuo cha pili kimemkosea nini."

"Hilo nalo nilipeleke?" mama aliuliza, na hapo nikaona uso wake umechoka kweli. Tukakubaliana, kwa njia hiyo hiyo ya kuzunguka, kwamba mama ndiye atakayechagua mtambo mpya, kwa sababu yeyote kati yao angechagua, mwenzake angeukataa.

Muuzaji alikuja na begi kubwa na maneno mengi. Mama alimkaribisha kwa "mgeni njoo mwenyeji apone," akampa kiti kizuri. Yule bwana akapanga vitu vyake mezani. Kulikuwa na ruta moja yenye antena nyingi, mama akaipita kama mtu anayempita kaa sokoni. Kulikuwa na seti ya visanduku vya kuunganishwa kwa waya. Na kulikuwa na visanduku vitatu vyeupe, vidogo, vinavyopokezana mawimbi hewani, kimoja kikimpa mwenzake na huyo akimpa wa mbele yake.

"Kwa nyumba hii, mama, chukua vya waya," alisema. "Kila kisanduku kina njia yake. Hiki kikizimwa, kile hakina habari."

"Na hivi vitatu?"

"Hivi vinategemeana. Kimoja utakiweka hapa sebuleni, cha kati kule nyuma chini, cha tatu juu. Tatizo ni kuta. Cha juu hakiwezi kusikia cha sebuleni, kuna zege na tangi la maji. Kitasikia cha kati tu."

"Na cha kati kikizimwa?"

"Juu wanakuwa mabubu. Ndiyo maana nakushauri—"

"Nipe hivi vinavyotegemeana," mama alisema.

Maskini yule bwana alibishana kwa uaminifu kabisa, akiyakataa mauzo yake mwenyewe. Mama akamwambia waya utaharibu rangi ya ukuta. Rangi hiyo ilianza kubanduka baba akiwa hai. Muuzaji akasema basi cha kati kiwekwe koridoni, si kuna soketi pale. Mama akasema ile soketi ni mbovu. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimechomeka pasi kwenye soketi hiyo, na sketi niliyovaa ilikuwa ushahidi. Nikafungua mdomo. Mama akanitupia jicho, nikaufunga.

"Basi kitabaki chumbani kwa Fundi tu," alisema muuzaji.

"Ewaa," mama akajibu, kama mtu aliyeshauriwa.

Lazima niwaeleze kuhusu chumba cha Fundi. Mafundi umeme wengi wanauogopa umeme kuliko sisi tusioujua, na huyu wetu amezidi. Kando ya mlango ameweka swichi moja inayokata soketi zote za chumba. Akitoka kwenda kazini anaibonyeza, anafunga mlango kwa ufunguo, na ndani hakibaki kitu chenye uhai. Bado hajaoa. Nyumbani tunasema anamtafuta mwanamke wa kutumia betri.

Muuzaji alipoondoka nilimfuata mama jikoni. "Mama, unafanya nini?"

"Naunganisha."

"Watakuja kuuana."

"Wauane kwa maneno, nitashukuru." Akaketi. "Nimestaafu ubao wa simu, wanangu wakanirudisha kazini. Mimi najiuliza, siku nikifa laini hii nani ataishika? Wewe? Hawa watafika mazishini kwangu wapitishie salamu kwenye jeneza. Nataka niwasikie wakisemezana nikiwa na masikio yangu. Sitaki kingine."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha vyombo.

Visanduku vikawekwa mwisho wa wiki, Fundi akiwa nyumbani, na mtandao ukamwagika nyumba nzima. Fundi alitazama mpira bila kukwama, Mwalimu akasifu chaguo la mama mbele ya mkewe. Jumatatu Fundi akaamka, akavaa, akabonyeza swichi yake, akaenda zake.

Mwalimu alishuka ngazi kwa kishindo. Juu alikuwa na shati na tai, chini kaptula ya kulalia, kwa maana wanafunzi humwona nusu tu. "Nimekatika katikati ya swali! Mama, mwambie mwanao asizime kidude hicho!"

Mama alikuwa anafuma sweta. "Laini ina shughuli."

"Mama!"

"Ina shughuli nyingi. Mwenye neno apeleke mwenyewe."

Mwalimu akanigeukia mimi. Nikamwambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na kwa kuwa jembe sikuwa nalo, nikachukua ufagio nikaondoka. Akamtuma mkewe. Wifi yangu, ambaye ulimi wake naupenda sana, akamjibu kwamba hakuolewa ili awe mnara wa simu. Akamtuma mtoto wake wa mwisho kwa baba mdogo. Mama alimdaka koridoni akampa biskuti, na ujumbe ukaliwa pamoja na biskuti.

Na Fundi msimdhanie malaika. Alipogundua swichi yake inafanya nini huko juu, alianza kuibonyeza kwa kidole kilichonyooka, kama karani anayegonga muhuri.

Siku zikapita na hakuna aliyefungua mdomo. Mwalimu alirudi ngazini, kisanduku cha sebuleni peke yake hakikufika huko kama ruta ya zamani; akajaribu intaneti ya simu yake, kuta za baba zikaikataa. Kisha mkuu wa shule akampigia: kipindi kikikatika tena, darasa litapewa mwingine. Kusikia hivyo mama akaacha kufuma. Jioni hiyo alisukuma sahani yake kando.

"Nimechomeka waya pabaya," aliniambia. "Nilitaka wasemezane, sasa nitamfukuzisha mtoto kazi. Kesho nitawaambia soketi ya korido ni nzima."

Nilimwonea huruma, na nilitaka kumwambia awape siku moja zaidi, lakini kazi ya mtu si mchezo. Nikaondoa vyombo.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunaelekea nyuma kukiri, mama mbele, mimi nyuma. Katikati ya korido akasimama ghafla nikamgonga mgongoni. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni kwa Fundi, na tai yake na kaptula yake. Mlango ukafunguka. Fundi akatoka na mkoba wa vifaa, mkono ukanyooka kwenye swichi.

"Usizime," Mwalimu alisema.

Fundi akatazama nyuma yake. "Unaniambia mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

"Kuacha soketi zinafanya kazi siku nzima bila mtu ni hatari. Lakini mimi najua nini? Mwite yule fundi wako aje akague."

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo ndio huo ukaja.

"Nilijua! Nilijua bado una hilo rohoni!"

"Litatokaje? Likizo yangu nzima nimelala juu ya dari yako!"

"Mke wangu aliona cheche!"

"Ungeniita mimi!"

"Ungenuna!"

"Kwani sasa nimecheka?"

Nilitaka kwenda kuwaamua. Mama akanizuia kwa mkono mmoja, na wa pili akauweka sikioni, pale pale visikilizio vilipokuwa vinakaa zamani. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayesikiliza redio.

Kisha Mwalimu akashusha sauti. "Niliogopa kukwambia umekosea. Ndiyo maana nikaita mtu baki. Na mtu mwenyewe akasema huna kosa lolote, cheche zilitoka kwenye pasi yetu mbovu. Alisema hajawahi kuona nyaya zimepangwa vizuri vile."

Fundi aliweka mkoba chini. "Alisema hivyo, kaka?"

Neno hilo, kaka, tulikuwa tumelisahau. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Alisema. Na siku ile ile nilituma uambiwe."

"Ulimtuma nani?"

"Nani mwingine? Mama."

Wote wawili wakageuka kuitazama korido. Nami nikamtazama mama. Tabasamu lilikuwa limekwisha, na mkono ulikuwa umeshuka kutoka sikioni.

"Nilianza kusema," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nilikwambia, kaka yako anasema yule fundi amekagua kazi yako. Ukanibamizia mlango kabla sijamaliza. Nikasema nitalileta lililobaki ukipoa. Halafu nikasahau."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyejisifu maisha yake yote kwamba hajapoteza neno la mtu, alikuwa ameangusha nusu ya sentensi katika korido yake mwenyewe, na nyumba nzima ikanuna kwa ajili ya nusu hiyo. Nilidhani wanawe watamgeukia. Fundi akaguna, Mwalimu akakohoa, kisha Fundi akauliza, "Hiyo pasi bado mnaitumia?"

"Tunaitumia."

"Mna wazimu? Hebu nionyeshe."

Mama akanishika kiwiko, akanivuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango. Yeye, ambaye hajawahi kuuacha umbea upite bila kuusindikiza, aliketi kitandani na kuupa mlango mgongo.

"Opareta mwema hujitoa," alisema.

Mimi si opareta. Nikabandika sikio mlangoni. Huko nyuma ngazi zilikuwa zinalia chini ya miguu ya watu wawili, na sauti zao zilipandana, mmoja akimkatiza mwenzake kama zamani walipokuwa watoto. Swichi haikubonyezwa.

"Bado wanazungumza?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Bado. Ila Mwalimu kipindi chake kimefika, na Fundi atachelewa kazini. Niende nikawakumbushe muda umekwisha?"

Akachukua sweta lake, akatafuta tundu alipoishia.

"Waongezee," alisema.