Mpini wa Upande wa Kulia

Emmett Kulhanek alikuwa mtu wa kunusa. Ukimpa bastola ya kale aishike, haanzi kwa kuitazama. Huipeleka puani kwanza, macho kayafumba, kama mama anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Chuma kilichopakwa dawa mwaka huu ili kionekane cha enzi za mababu kina harufu yake, kali, inayokaribia kitunguu saumu kilichoungua, na haitoki hata ukisugua kwa mafuta mpaka mkono ufe ganzi. Akishaipata harufu hiyo, Emmett hukurudishia mali yako kwa adabu, akakusifia hali ya hewa, akaenda zake.

Pale Odell Springs, katika nyanda za mahindi za Nebraska, watu walimtania sana kwa tabia hiyo. Walisema binti yake Judith alipozaliwa, Emmett alimgeuza kwanza kumtafutia muhuri wa kiwanda mgongoni. Kanisani, walisema, akipokea ushirika huutazama ule mkate upande wa chini. Emmett hakukasirika. Kwake yeye yalikuwa ni maneno ya watu ambao hawajawahi kutapeliwa, au ambao wametapeliwa na hawajajua bado.

Yeye alijua. Alipokuwa kijana, kazi yake ni kutengeneza vinu vya upepo vya kuvutia maji, akizunguka shamba kwa shamba, na huko kwenye minada ya mashamba ndiko alikoupata ugonjwa wa kukusanya bastola. Ya kwanza kabisa aliinunua mwaka aliooa: bastola ya silinda, imechorwa majani ya mzabibu tangu mtutu hadi kitako. Bei yake ilikula koti la baridi ambalo mkewe Lorene alikuwa amelisubiri tangu kiangazi. Baadaye mzee mmoja mnadani akamwonyesha polepole, kwa huruma, kwamba majani yale hayakuchorwa kwa patasi ya fundi. Yalichomwa kwa tindikali, pengine majira ya baridi yaliyopita, katika gereji ya mtu. Lorene alilivaa koti lake la zamani mwaka mwingine, na wala hakuligusia jambo hilo, si siku ile, si baadaye. Huko kutoligusia ndiko kulikomuuma Emmett. Akaapa hatadanganywa tena na mtu mwenye pua na macho mawili kama yeye.

Akajifundisha. Alijua kuwa nakshi ya kweli na mihuri ya mtengenezaji huzeeka pamoja, kama mume na mke. Ukikuta mihuri imelika na maua bado makali kama wembe, jua maua yamekuja jana. Alijua kuitambua pembe ya ndovu kwa mistari yake midogo inayopishana kama kamba za wavu. Na alijua lililo kubwa kuliko yote: ukweli wa bastola umo ndani ya mpini. Ukilegeza ile skrubu moja, vile vipande viwili vya mpini vikaachana, utaikuta namba imeandikwa upande wa ndani, na namba hiyo inatakiwa iwe ndugu wa ile iliyogongwa kwenye chuma. Mpini ukitoka kwenye bastola nyingine, utasema wenyewe.

Ila hilo la skrubu lina adabu yake. Bastola ya mtu unaweza kuinusa, kuitazama kwa lenzi, kuizungusha juani hadi uchoke. Kumwomba mwenyewe uufungue mpini mbele yake, baada ya kuwa amekwisha kukupa neno lake, ni kumwambia machoni kuwa ni mwongo. Wageni huombana. Marafiki hawaombani. Mwenye kutaka kujua hujifungulia nyumbani kwake, mlango umefungwa, na anachokikuta ni chake.

Rafiki wa Emmett alikuwa mmoja tu. Dwain Tolliver alikuwa ameendesha basi la shule mpaka akastaafu, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyonyamazisha watoto bila kuwagusa. Naye alikusanya, kidogo kidogo. Kila maonyesho ya bastola ya majira ya kuchipua walikodi meza mbili zinazogusana, na kila Jumamosi Dwain alifika jikoni kwa Lorene na bastola moja kwenye mfuko wa kitambaa, wakazifuta, wakanywa kahawa, wakala mikate mitamu ya plamu ambayo Lorene alirithi kuioka kwa bibi zake Wacheki. Judith alipoolewa, Dwain ndiye aliyeliendesha gari la maharusi. Emmett alipolazwa kwa moyo, Dwain ndiye aliyekuja kila asubuhi kuwalisha ng'ombe wake watatu.

Sasa Dwain, baada ya kustaafu, akakabidhiwa kale kachumba kamoja ka makumbusho ya wilaya, karibu na posta. Akamwomba Emmett amwazime bastola yake bora kwa majira ya kiangazi. Hii ilikuwa ile aliyoinunua kwa mjane wa ranchi moja kaskazini: majani yaliyojikunja ndani ya majani, nyuma yake vidoti vidogo vilivyogongwa kimoja baada ya kimoja na fundi asiye na haraka, na mpini wa pembe ya ndovu uliokolea rangi ya asali. Upande wa kulia mtu alikuwa amechonga kichwa cha fahali, pembe zimepinda, pua zimetanuka, utadhani anakupumulia. Emmett alikuwa hajawahi kumwazima mtu hata bisibisi. Lorene akamwambia, “Kama humwamini Dwain, basi hata mimi sijui nalala na nani.” Akamwazima.

Ilirudi siku za mavuno. Dwain aliileta mwenyewe, akaiweka mezani, akasema imependwa sana, kisha akasimama kuondoka kabla kahawa haijachemka. Hilo lilikuwa la kwanza.

La pili Emmett aliliona alipoitoa kwenye kitambaa. Fahali alikuwa amepauka. Upande wa kushoto ulikuwa asali ileile, lakini upande wa kulia, wenye kuchongwa, wenye thamani, ulikuwa mweupe kama jino la mtoto. Aliipeleka kwenye lenzi. Mistari ilikuwepo, ni pembe kweli. Lakini ni pembe ileile? Alijaribu kulikumbuka tundu moja la pua ya fahali, kama lilikuwa na mkwaruzo ama la, na kadiri alivyojaribu ndivyo pua ilivyozidi kubadilika kichwani mwake.

Akaanza kukusanya tena, lakini safari hii alikusanya dalili. Mwenye duka la vyuma alimwambia, bila kuulizwa sana, kuwa mwezi Julai mgeni kutoka Denver alionekana makumbusho, na lenzi, na Dwain akamfungulia kabati la vioo. Kisha Dwain akaonekana na pikapu ambayo hakuwa nayo kabla. Kisha kwenye mkahawa Emmett akatupa chambo: akasema amesikia kuna mafundi siku hizi wanaochonga fahali wazuri kuliko wa zamani. Dwain akatazama kikombe chake, akasema labda, akabadilisha mazungumzo kuwa ya mvua.

Emmett akaacha kwenda mkahawani. Usingizi ukamkimbia. Lorene alimwuliza nini kinamla; akasema tumbo. Akaulizwa mbona haifungui tu hiyo skrubu ajue moja. Hakuweza kumjibu mkewe, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa baya: akiifungua peke yake na kukuta uongo, Dwain atasema Emmett mwenyewe ndiye aliyebadilisha. Alitaka uso wa Dwain uwepo. Alitaka kuuona wakati mpini unatoka.

Jumamosi ikafika. Dwain akaja na mfuko wake wa kitambaa, akavua kofia, akamsalimu Lorene. Emmett alikuwa tayari amekaa. Mbele yake palikuwa na bastola ya fahali, na kando yake bisibisi.

Dwain akaitazama ile bisibisi. Hakukaa.

“Una maneno, Emmett?”

“Nataka tuangalie ndani. Wewe na mimi.”

“Mimi na wewe,” Dwain akarudia taratibu. “Haya bwana. Angalia.”

Lorene alizima jiko akabaki kasimama palepale. Emmett alilegeza skrubu kwa mkono ule uliokaza boliti za vinu juu kabisa ya minara kwenye upepo. Kipande cha kulia kikatoka. Akakigeuza.

Ndani kilikuwa rangi ya asali. Asali ileile ya upande wa kushoto, haikupungua hata tone. Na pale katikati, kwa kalamu ya risasi iliyofifia, namba ya bastola yake, na ile saba yenye mkia mrefu aliyoiona siku ya kwanza aliyoinunua.

Hapo ndipo akakumbuka kitu alichokijua kabla Judith hajazaliwa, kitu alichowafundisha watu wengine kwa majivuno: pembe ya ndovu ikikaa gizani huiva rangi, ikikaa kwenye mwanga hupauka. Bastola ilikuwa imelazwa ubavu wa kushoto, fahali juu, kiangazi kizima.

“Niliweka kabati dirishani,” Dwain akasema. “Kosa langu. Nililiona mwezi Agosti, nikaogopa kukwambia, maana nakujua. Yule mtu wa Denver alikuja kupiga picha. Na pikapu ni ya mkwe wangu, kabla hujaniuliza.”

Emmett akafungua mdomo, Dwain akainua mkono wake mkubwa, kama alivyowainulia watoto wa basi. Akatoa bastola yake mfukoni, ile ya fedha yenye mpini wa ganda la chaza lililochongwa tai. Emmett aliijua vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa miaka mingi nyuma, kwa kubadilishana na bastola nyingine mbili, na akampa neno lake kuwa kila kipande ni cha asili.

“Maadamu bisibisi iko nje,” Dwain akasema, “fungua na yangu.”

“Dwain, sina haja.”

“Fungua, mzee wa kunusa.”

Akafungua. Ndani ya ganda palikuwa na namba iliyokwaruzwa kwa sindano, na haikuwa ndugu wala jirani wa ile ya kwenye chuma. Kingoni kulikuwa na alama za tupa, mahali mtu alipolipunguza ganda ili liingie pasipo pake. Emmett akaipeleka kwenye mwanga. Akaipeleka kwenye lenzi. Hakukuwa na namna ya kuisoma vingine. Alikuwa amedanganywa na mtu, hakujua, akamdanganya rafiki yake.

“Ulijua lini?”

“Wiki ileile uliyonipa. Nilifungua nyumbani.”

“Na miaka yote hii umekuja hapa, umekaa kwenye kiti hicho, hukuniambia?”

Dwain akamtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

“Ungeniambia nimebadilisha mwenyewe.”

Emmett alitaka kukataa. Alilitafuta neno la kukataa, akalitafuta vilevile anavyotafuta mihuri iliyolika, kwa kidole na kwa jicho, na hakuliona. Lorene alikuwa akimtazama kutoka pale penye jiko.

“Ningesema hivyo,” akakubali hatimaye.

“Najua.”

Dwain akachukua mpini wake wa tai, akaurudisha mwenyewe, akaikaza skrubu. Emmett akamwambia atarudishiwa zile mbili, achague hata nyingine kabatini, yoyote. Dwain akatikisa kichwa. Akasema yule tai amemzoea. Lorene akauliza kama akate mkate, maana plamu zilikuwa bado za moto.

“Leo hapana, Lorene,” Dwain akasema, akivaa kofia. “Leo sili hapa. Jumanne, labda.”

Akatoka, na pikapu ya mkwe wake ikasikika ikigoma kuwaka mara mbili kabla ya kukubali. Lorene akairudisha sahani ya tatu kabatini. Emmett alibaki na kipande cha fahali kiganjani, upande mweupe chini, wa asali juu, na kwa mara ya kwanza akamwuliza mkewe nyumba ya Dwain ni ya ngapi baada ya kisima cha mjini, kwa maana miaka yote hiyo ni Dwain aliyekuja kwake.

“Kwa nini unauliza?” Lorene akasema.

“Jumanne ni mbali,” Emmett akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.