Mguu Ambao Sijauona

Siku yangu ya kwanza kazini Marekani nilisema "ndiyo" mpaka ulimi ukachoka. Ilikuwa Louisville, jimbo la Kentucky, katika nyumba ya kulelea wazee. Kwetu Kasulu nilikuwa nesi kamili, mwenye sare na cheti, lakini cheti cha nyumbani hakivuki bahari kirahisi, hivyo nilianza upya kama msaidizi wa manesi, yaani mtu wa kuwageuza wagonjwa, kuwaogesha na kuwalisha. Nesi Mkuu wa zamu, mama mrefu mwenye sauti ya mwimbisha kwaya, alinionyesha namna ya kumwinua mzee kwa mkanda wa kiunoni bila kuumiza mgongo wake wala wangu.

"Umeelewa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Haya, nionyeshe."

Nikasimama pale na mkanda mkononi kama mtu aliyepewa nyoka ashike. Kiingereza chake kilikuwa kimenipita chote. Hakunigombeza. Aliufunga mkanda tena, polepole, kisha akasema, "Una adabu sana, dada. Lakini adabu haimwinui mgonjwa. Hapa usimuulize mtu swali ambalo 'ndiyo' inatosha kulijibu."

Vijana mnaosomea kazi hii, neno hilo limenilisha maisha yangu yote. Kwetu mkubwa akiuliza, mdogo anaitika. Kunyamaza ni kiburi, na kukataa ni ufidhuli kabisa. Kwa hiyo mgonjwa wa kwetu atakuambia ndiyo, dawa anakunywa, ndiyo, amepata nafuu, ndiyo, ameelewa, naye moyoni anaomba tu umwachie aende nyumbani. Hadanganyi. Anakuheshimu.

Pale Louisville nilifanya mtihani wa leseni ya unesi, nikapita, nikafanya kazi wodini kwa miaka mingi. Kisha nikapata tamaa ya kusoma zaidi, nikahamia Columbus, jimbo la Ohio, chumba cha kupanga karibu na chuo kikuu, mtaa uliojaa wanafunzi wenye umri wa watoto wangu. Nilikuwa nasomea unesi wa kitabibu. Nesi mtabibu ni nesi mwenye shahada ya uzamili, aliyefanya mtihani wa taifa juu ya ule wa kwanza, na sasa ana ruhusa ya kumpima mgonjwa, kuutaja ugonjwa na kuandika dawa. Kila jimbo lina leseni yake. Ya Kentucky haikufai Ohio, na kwa dawa kali unahitaji tena namba ya serikali kuu. Kila baada ya muda unarudi darasani, maana wasipoona umesoma wanakunyima kuendelea.

Mnaweza kuona ni usumbufu. Mimi nilistaajabu. Siku moja, nilipokuwa nimeshapata leseni ya Ohio, mgonjwa wangu, mwanamke mzee, alikuja na chupa yake ya vidonge vya presha, na juu ya karatasi ya chupa, mahali pa aliyeandika dawa, palikuwa na jina langu. Jina alilonipa marehemu baba, likifuatwa na herufi za cheo changu. Nilimwomba mama yule anisubiri kidogo, nikaenda chooni nikalia.

Huko Ohio nesi mtabibu hafanyi kazi bila kuwa na makubaliano na daktari. Daktari Msimamizi wangu alikuwa mzee mkavu, mwenye maneno machache na mikono yenye joto. Ndiye aliyenipa uzi. Ni kipande cha nailoni kigumu, kimechomekwa kwenye kijiti, na kazi yake ni miguu ya wagonjwa wa sukari. Mgonjwa anafumba macho, wewe unamgusa unyayo kwa ncha ya uzi mpaka ujipinde, naye anasema akihisi. Sukari ikikaa mwilini muda mrefu huua mishipa ya fahamu, tena huanzia vidoleni, kimyakimya.

"Wengi wanakuja kwetu kwa sababu wanaumwa," aliniambia. "Hawa inabidi uwatafute, kwa sababu hawaumwi."

Nilipomgusa mgonjwa wa kwanza chini ya kidole gumba, uzi ukajipinda na mzee yule akaendelea kutulia na macho yake yamefumba, nilipata woga wa aina ya kanisani. Mguu ulikuwa wa moto, damu inapita ndani yake, mzima machoni, na mwenyewe hayumo. Tangu hapo sijawahi kulizoea jambo hilo, wala sikutaka kulizoea.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Buffalo, kliniki ya upande wa mashariki wa mji, ambako familia nyingi za wakimbizi wa Kongo zimewekwa. Jimbo la New York humruhusu nesi mtabibu aliyekwisha tumika vya kutosha asimame mwenyewe, bila makubaliano na daktari. Nikawa nasimama mwenyewe. Aliyekuwa juu yangu ni Mkurugenzi wa Kliniki, naye nesi mtabibu kama mimi, mzaliwa wa Lackawanna, mji wa jirani, binti wa mfanyakazi wa viwanda vya chuma. Alikuwa mcheshi, na alijua kuhesabu kwa Kiswahili mpaka kumi, kisha anaanza tena moja.

Hapo ndipo binti yangu Rehema alipoolewa na Bahati, kijana wa Fizi, kule Kongo, mfanyakazi wa bohari. Sasa lazima niwaambie habari za ukwe, maana ninyi mliozaliwa huku mnawakumbatia wakwe zenu kama mnaagana stesheni. Kwao na kwetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawazoeani. Hawatajani majina. Hawali meza moja. Neno likiwapo linapitia kwa mtu wa tatu. Bahati alizishika adabu hizo kuliko hata tulivyozishika sisi. Walipompata mtoto, Neema, tukapata na mjumbe.

"Neema, muulize baba yako kama atakunywa chai."

"Neema, ambia bibi yako asante, nitakunywa."

Na Neema anatujibu wote kwa Kiingereza, akiona tumepungukiwa na akili.

Jumapili moja ya theluji walikuja kwangu. Katika nyumba zetu viatu vinabaki mlangoni, na siku hiyo Bahati hakuvua. Alikaa kiti cha karibu na mlango na mabuti yake ya kazini, maji yakichuruzika sakafuni. Nikapita na sinia, nikaisikia harufu. Mtu aliyesafisha vidonda hawezi kuikosea. Nilijua Bahati ana sukari. Nikamtazama kwa pembeni alipoinuka kwenda kwenye gari, nikaona anakanyaga sawasawa, hata hachechemei. Laiti angechechemea ningeshukuru Mungu. Kidonda kinachonuka na mtu anakikanyaga kama zulia! Nikaliweka sinia chini.

Aliporudi ndani nikasema, "Neema, mwambie baba yako mguu wake uonwe kesho."

Bahati alisimama ameinamisha kichwa. "Neema, ambia bibi yako asihangaike. Bon, ni kidonda kadogo tu. Miye niko muzima."

Siku zikapita hakuja. Rehema alinipigia simu analia: kila akitaka kuufungua ule mguu, mumewe anamkataza, maana mke akiuona atamsimulia mama yake. Na kliniki hawezi kwenda, kwa sababu kliniki ndiyo mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alikuwa anayaficha kwa ajili ya heshima yangu. Kama ule uozo ungefika mfupani, mguu ungekatwa, naye kazi yake ni ya kusimama kutwa. Nikaenda kwa Mkurugenzi.

"Huwezi kumtibu," akasema. "Kanuni zetu zinakataza kumtibu mtu wa familia."

"Na za kwetu zinakataza hata kuuona unyayo wake."

Akacheka, kisha akaacha. "Basi kanuni zetu zimekubaliana. Nitamtibu mimi. Atakuja?"

Bahati alituma jibu kupitia kwa Rehema. Mkalimani wa simu hakumtaka. Kiswahili kile, alisema, hakimfiki. Mama mkwe awepo, awe ndiye mfasiri, lakini asione. Mkurugenzi alimwita asubuhi iliyofuata, akaandika kwamba ndivyo mgonjwa mwenyewe alivyotaka, akavuta pazia kuzunguka kitanda. Mimi nikaweka kiti nje ya pazia, nikakaa nimeligeuzia mgongo. Baada ya mitihani yote ile na leseni za majimbo matatu, nilikuwa natazama ukuta.

Nikasikia mabuti yakifunguliwa. Mkurugenzi akasema anataka kupima kwa uzi kwanza. Nikafasiri: afumbe macho, kila akihisi kuguswa aseme ndiyo.

"Ndiyo," akasema Bahati. "Ndiyo. Ndiyo, mama. Ndiyo."

"Anasema ndiyo vizuri sana," Mkurugenzi alinong'ona kwa Kiingereza. "Tatizo ni kwamba sijamgusa."

Nikajiona mimi mwenyewe kule Louisville na mkanda mkononi. Mama mkwe ameuliza, mkwe atanyamazaje? Nikafanya jambo ambalo lingemshangaza mama yangu.

"Bahati," nikaita.

Kitanda chake kililia. Sikuwa nimelitamka jina lile mbele yake tangu aoe kwangu.

"Bahati, leo usiniheshimu. Ukihisi, sema. Usipohisi, nyamaza. Ukininyamazia hutakuwa umenikosea adabu. Nakuomba."

Nikasikia kigoda cha Mkurugenzi kikisogea. Halafu kimya. Kikasogea tena, kimya. Nilijua mkono wake uko wapi kila mara, kwa sababu nimeupitia mpangilio huo miaka mingi: kidole gumba, kidole cha kati, chini ya vidole, kisigino. Kimya kile kilipanda polepole mguuni kwa mwanangu, nami nimeishika kanga yangu kwa mikono miwili. Hatimaye, juu kabisa karibu na kifundo, sauti ndogo ikasema, "Ndiyo."

Kisha akasema, "Mama, kumbe muguu yangu haisikie kitu. Donc, minatembelea muguu ya mutu mwengine?"

Mkono wa Mkurugenzi ukatokea kando ya pazia, karibu na bega langu. Kwenye kiganja chenye glovu palikuwa na msumari, wa zile mbao wanazopangia mizigo boharini. Ulikuwa umetoboa soli ya buti, naye ameukanyaga siku zote hizo, akipanda ngazi, akimbeba Neema. Nimeona watoto wakizaliwa na wazee wakikata roho, lakini sijawahi kuuogopa na kuustaajabia mwili wa binadamu kama nilivyoustaajabia mbele ya kile kimsumari.

Alilazwa siku hiyohiyo. Kidole kimoja hakikuokoka. Mguu ulibaki.

Sasa nimestaafu. Leseni nimeziacha ziishe, ya Kentucky kwanza, ya Ohio ikafuata, na hii ya New York mwisho. Mkiniuliza kazi yetu ni nini, nitawaambia someni, fanyeni mitihani, mpate herufi zote mnazoweza kuzipata, maana bila hizo hakuna atakayewaruhusu kumgusa mgonjwa. Lakini kazi yangu kubwa kuliko zote niliifanya nimegeuza mgongo, bila kugusa kitu.

Jumapili bado wanakuja. Bahati amerudi kuwa baba Neema, na mimi nimerudi kusema naye kupitia kwa mjukuu. Lakini siku hizi anavua viatu mlangoni, na Rehema humkagua nyayo pale pale kwa tochi, kama alivyoamriwa na Mkurugenzi. Wakianza hivyo mimi naenda dirishani kutazama theluji, mpaka nisikie anavuka sakafu ya mbao kwenda kwenye kiti chake. Mguu ule sijawahi kuuona, wala sitauona. Nasikia tu kwamba ni miwili.