Shahidi Namba Moja

Alipompima yule mwanaume mabega, fundi cherehani alipata inchi kumi na tisa, akaandika kumi na tisa, na mkono wake haukutetemeka. Jambo hilo lilimkera wiki nzima. Mtu hutegemea kwamba siku ya siku ikifika, mwili wake mwenyewe utamuunga mkono.

Mwanaume huyo alikuwa dereva mpya wa basi la shule, ametumwa na mwalimu mkuu aje kushonewa koti la kijivu. Alikuwa na adabu zake. Saa tatu asubuhi mdomo ulimnukia peremende za mnanaa, kwa wingi kuliko anavyohitaji mtu aliyepiga mswaki. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika kidogo kwa juu, kama tiketi iliyokwisha kutobolewa, na kwa sikio hilo ndipo fundi alipomtambua. Miaka sita nyuma alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi tangu adhuhuri hadi alasiri akilitazama, mwenye sikio amelala fofofo benchi la pili, anakoroma, huku yeye akisubiri kuambiwa mumewe amepelekwa hospitali gani. Mumewe alikuwa mpaka rangi. Alikuwa kwenye baiskeli, ngazi begani, upande wake wa barabara, saa tano ya mchana kweupe, gari likamfuata huko huko. Askari walimpulizisha dereva kile kipimo cha ulevi, na kipimo hakikuwa na haja ya kufikiri sana. Siku ya kumi na moja mpaka rangi akafa.

Dereva hakumtambua fundi. Angemtambuaje, naye siku ile alikuwa usingizini?

"Nije lini kuchukua, mama?"

"Alhamisi."

Na Alhamisi koti lilikuwa tayari, maana kazi ni kazi. Lakini fundi alikuwa na mjukuu wa miaka saba, aliyeachiwa na binti yake aliyeolewa mbali, na mjukuu huyo alipanda basi hilo kila asubuhi. Jumatatu iliyofuata, bibi akafunga duka, akaenda kwa mwalimu mkuu, akamwambia yote, kuanzia ngazi hadi sikio.

Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwema wa aina ile ya ofisini, ambayo wema wake una saa za kazi.

"Mama, sikukatalii," alisema. "Ila maneno ninayo tele, naletewa bure kila siku. Juzi nimeambiwa mpishi wetu ni mchawi. Niletee karatasi yenye mhuri. Kamati inakaa Ijumaa kumthibitisha kazini."

"Kwani wewe mwenyewe huniamini?"

"Nakuamini sana. Ndiyo maana naomba karatasi."

Basi akaenda mahakamani. Masjala ilikuwa nyuma, baada ya choo, chumba kirefu chenye dirisha dogo la kuhudumia watu, lililowekwa chini kiasi kwamba kila mwananchi alilazimika kuinama kama aliyekuja kuomba radhi. Karani wake aliitwa Bwana Kesho. Jina alipewa na mawakili, akalizoea, na siku hizi ukimwita kwa jina lake halisi alichelewa kugeuka.

"Jalada la kesi iliyokwisha si siri, mama," alimweleza, na ilionekana anafurahia kulisema. "Ni mali ya umma. Mwananchi yeyote ana haki ya kulitazama. Taabu ni moja tu, mwananchi hajui limelala rafu gani."

"Wewe je?"

"Mimi nami ni mwananchi." Akavuta kalamu. "Namba ya kesi?"

"Sina."

"Jina la mshtakiwa?"

Hilo alikuwa nalo, kwenye daftari la vipimo, juu ya inchi kumi na tisa.

"Kosa?"

"Kuendesha gari amelewa."

"Tarehe ya kusomewa mashtaka?"

"Mimi najua tarehe ya ajali."

"Hiyo ni tarehe yako, mama. Mahakama ina ya kwake."

Akamwelekeza: aandike barua ya maombi, aseme yeye ni nani, anatafuta kesi gani na ya nini, barua igongwe mhuri wa kupokelewa, alipie ada, arudi na risiti. Fundi alirudi Jumanne na vyote. Bwana Kesho akamfungulia daftari la kesi za barabarani la mwaka ule, wakalipitia jina kwa jina, yeye akifuata kwa kidole upande huu wa dirisha, karani upande ule. Walikuta walevi wengi. Kulikuwa na mlevi wa lori la mchanga, mlevi wa gari la maiti, na mmoja aliyekamatwa kwenye trekta akidai anakwenda kulima. Wa kwake hakuwemo.

"Labda alitoa jina jingine," karani alisema. "Mtu ana majina matatu, mama. Moja anawapa polisi, moja anawapa mahakama, na la tatu analo mchumba. Njoo kesho."

Alipokuja Jumatano, Bwana Kesho alikuwa amekumbuka jambo. Karani aliyemtangulia, mzee aliyestaafu na ubishi wake wote, hakuwaamini binadamu. Kesi za ulevi barabarani alizipanga kwa namba za magari, kwenye daftari la peke yake, kwa hoja kwamba gari halijawahi kujibadilisha jina.

"Lipo, lile pale juu. Lakini sasa nani anakumbuka namba ya gari la miaka sita iliyopita?"

Fundi akaitaja. Aliitaja yote kwa pumzi moja, tarakimu na herufi, kama mama anayetaja jina la mwanawe zahanati. Bwana Kesho akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Polepole, mama," akasema. "Niandike."

Jalada lilipatikana Alhamisi, ndani ya furushi lililofungwa kamba ya katani, likiwa jembamba kama daftari la mtoto mvivu. Karani alimfungulia mlango wa pembeni, akampa kiti. Fundi hakukaa.

Kipimo cha ulevi kilikuwemo. Mstari wa nne, tarakimu yake ilikuwa kubwa, na mtu alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kisha akasoma shtaka: kuendesha gari akiwa amelewa na kusababisha majeraha. Akarudia. Majeraha. Shahidi namba moja: mlalamikaji, mpaka rangi, maelezo yamechukuliwa wodini siku ya pili baada ya ajali. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na aya tatu zinazofanana kama mapacha watatu, tarehe tu ndizo tofauti. Shahidi namba moja ameitwa, hakutokea. Shahidi namba moja ameitwa, hakutokea. Ya tatu iliongeza kwamba, kwa kuwa mlalamikaji haonyeshi nia ya kuendelea na kesi yake, shauri linafutwa na mshtakiwa anaachiwa huru.

"Walimwita," fundi alisema.

"Wanamwita mlangoni, mama. Jina zima, mara tatu, kwa sauti. Ndio utaratibu."

"Alikuwa amekufa."

Bwana Kesho akalivuta jalada, akalipekua mbele na nyuma, kwa bidii ambayo mawakili hawakuwahi kuishuhudia. "Humu hajafa," akasema hatimaye, taratibu.

"Hospitali hawakusema?"

"Hospitali huandikia hospitali."

"Polisi je?"

"Aliyechukua maelezo alihamishwa. Imeandikwa hapa. Mwezi uleule."

"Lakini kila mtu alijua. Mtaa mzima ulizika."

"Mtaa haukuandika barua, mama." Kisha akageuza karatasi ya mwisho, na sauti ikamshuka. "Ila wito ulifika. Ulipelekwa mara tatu, ukapokelewa mara tatu. Hii saini ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Herufi zake zilizolala mkao mmoja, kama mshono wa pindo.

Ndipo akakumbuka zile bahasha za kaki. Zilikuja dukani kwa mkono wa mtu mwenye pikipiki, zina jina la marehemu. Alisaini, akaziweka kwenye droo pamoja na bili ya maji na kadi ya chama cha wapaka rangi. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu naye, alikuwa na sharti moja lisilovunjwa katika ile nyumba: barua ya maiti haifunguliwi na mjane. Inamsubiri kaka mkubwa wa marehemu. Kaka mkubwa alikuwa mpishi wa meli; aliandika kwamba anakuja, na mpaka leo alikuwa anakuja. Huku nyuma mjane alisubiri kuitwa na mahakama. Aliwaambia majirani, kesi ni ya serikali, sisi tutaitwa tu. Mwaka ukaisha, akasema serikali ina mambo mengi. Mwaka wa pili ukaisha, akaacha kusema.

"Inafunguliwa upya?" aliuliza.

"Mwendesha mashtaka anaweza kuomba. Unamwandikia." Karani hakumtazama. "Wanakuwa na barua nyingi, mama."

"Na karatasi ya Ijumaa?"

"Nakala yako ya Ijumaa nakugongea mhuri sasa hivi."

Akamgongea, ukurasa kwa ukurasa, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Bwana Kesho alimaliza kazi siku ileile.

Fundi aliwaza kutoipeleka. Lakini kipimo kilikuwemo, mstari wa nne, kwa kalamu nyekundu, na mfa maji hachagui cha kushika. Ijumaa mwalimu mkuu aliisoma karatasi akiwa amesimama, kamati ikimsubiri chumba cha pili.

"Mama, hii inasema ameachiwa."

"Soma mstari wa nne."

"Nimeusoma. Nimesoma na wa mwisho."

"Mwalimu, mume wangu alikufa. Wewe ulikuwepo mazikoni."

"Nilikuwepo. Nilishika hata koleo." Alivua miwani, akaifuta bila haja. "Lakini humu alijeruhiwa, halafu akapuuza kesi. Nikiwasomea hawa wajumbe, watauliza kwa nini mwenye maumivu mwenyewe hakwenda. Niwajibu nini?"

Jibu alikuwa nalo, lenye saini tatu. Hakulitoa.

Dereva alithibitishwa kabla ya saa sita. Nakala ya mahakama ilibaki shuleni, ikawekwa kwenye faili lake la kazi, na kwa kuwa ndiyo karatasi pekee humo yenye mhuri wa serikali, ilikaa juu kabisa.

Jumatatu bibi na mjukuu waliondoka nyumbani mapema kuliko kawaida. Kwa miguu ilikuwa mwendo wa dakika hamsini, za mtoto ni zaidi. Walipofika kwenye kona ya kiwanda cha matofali mvua ikaanza, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa haki yake. Mtoto hakulalamika. Aliuliza tu kama na kesho watatembea.

"Na kesho."

"Na keshokutwa?"

"Tembea, mjukuu wangu."

Nyuma yao basi likapunguza mwendo. Lilikuja taratibu mno, likikwepa kila dimbwi lisije likawarushia maji, likasimama sambamba nao. Mlango ukafunguka, na hewa ya joto ikatoka pamoja na harufu ya mnanaa. Ndani, watoto arobaini walikuwa wanaimba jedwali la saba.

"Shikamoo, mama," dereva alisema, ameinama kwa heshima. "Pandeni jamani, mtoto analowa."

Mjukuu akainua uso kumtazama bibi yake. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na ulijaribu kidogo, kidogo tu, kujichomoa.

"Marahaba," fundi alijibu. Mdomo ulijibu wenyewe, kabla hajauzuia, kama unavyojibu mdomo wa kila aliyelelewa vizuri. Mkono wa mtoto hakuuachia. Dereva alingoja, akatabasamu, akangoja tena. Kisha akafunga mlango, akawasha taa ya kulia, akaangalia nyuma kama sheria inavyotaka, akaondoka na wale arobaini.