Maganda ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na jicho moja tu la kutegemea. La kushoto liliharibika ujanani, kwa cheche ya chuma kiwandani, na la kulia ndilo lililomsomea gazeti, likamwendeshea gari, likamlengea kulungu kila Novemba. Mke wangu, binti yake wa pekee, aliniambia mapema kabisa: "Hilo likienda, baba kaisha. Ukiwa naye kule chini, uwe macho yake." Nikasema sawa. Kusema sawa ni rahisi.

Kule chini ni chumba cha chini ya nyumba yake, mjini Inver Grove Heights, ambako alikuwa akijaza risasi upya. Sisi tulikaa Lakeville, na miaka ile ya tisini Jumamosi zangu zote za vuli ziliishia humo. Mpare mzima, nimekuja Marekani kusomea uhandisi wa maji, nimekaa kwenye stuli nasugua maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa. Rafiki yangu Mtanzania wa Champlin alikuwa akinicheka kwenye simu: "Mwenzetu, umeoa au umeandikwa jeshini?" Nikamjibu kwamba mahari ya huku hulipwa hivyo.

Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Ganda likishapigwa hutanuka, kwa hiyo unalirudisha umbo kwa mashine ya mkono, unang'oa fataki iliyoungua, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, unaweka mpya, unapima baruti, unabana kichwa cha risasi juu yake. Kupima na kubana alifanya mwenyewe, maana alikuwa fundi mitambo maisha yake yote. Mimi kazi yangu ilikuwa kukagua. Ganda lililotumika mara nyingi huliwa kwa ndani, karibu na kitako, na siku moja hukatikia humo humo bunduki inapolia, moto ukamrudia mpigaji usoni. Kwa nje huoni kitu. Basi unachukua klipu ya karatasi, unainyoosha, unaipinda ncha, unaiingiza ndani na kukwaruza taratibu. Ncha ikinasa kwenye mfereji, ganda hilo ni la kutupa.

Alitaka nimwite kwa jina lake. Ulimi uligoma. Kwetu baba mkwe hasahihishwi. Ukikutana naye njiani unampisha, akikosea hesabu unakubali kwamba mbili na mbili ni tano na unamshukuru. Nikamwita Mzee, naye akalipenda neno hilo, akawa anajiita hivyo mwenyewe.

Jumamosi moja ya Oktoba, mvua ya baridi ikinyesha nje, nilitupa maganda manne mfululizo. Mzee akageuka. Yalikuwa maganda ya bunduki ya zamani, ya marehemu baba yake, na madukani hayakupatikana kirahisi. "Utanimalizia maganda yangu yote," alisema. Hakufoka. Alisema kama mtu aliyechoka, akanipa mgongo, nami nikaona haya mpaka masikio yakawa ya moto. La tano likanasa. Kidogo sana, lakini lilinasa. Niliingiza waya mara tatu na mara zote tatu vidole viliniambia kitu kile kile. Nikautazama mgongo wake. Nikajiambia labda ni uchafu, labda waya una kasoro. Uongo mtupu. Niliogopa kumuudhi mkwe, basi. Nikaliweka kwenye sanduku la yaliyo mazima.

Kwa nini sikulitia mfukoni nikalitupe njiani? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko ninavyosali. Jibu ni kwamba wazo hilo halikunijia akilini.

Siku ya tatu ya msimu wa kuwinda, mke wangu alinipigia simu kazini. Asubuhi ile kulikuwa na baridi kali, miwani ya Mzee ikajaa mvuke, akaivua ili alenge vizuri. Risasi ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili, ganda lilikatika ndani ya bunduki.

Nilifika hospitali, St. Paul, saa sita mchana. Alikuwa amelala chali, uso umefungwa bendeji, na daktari alikwishamwambia mke wangu kwamba jicho halitapona. Mke wangu akanishika mkono mbele ya kitanda, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yale maganda uliyakagua yote?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, Mungu ni shahidi yangu. Mzee akaniwahi.

"Mwache mumeo," alisema. "Alikagua moja moja, nilikuwa namsikia akikwaruza. Mimi ndiye niliyezidisha baruti. Mikono yangu imeanza kunisaliti."

Nikanyamaza. Mara ya kwanza hofu yangu nilikuwa nimeiita heshima, na hii ya pili nayo nikaiita heshima.

Mashine ile hakuigusa tena. Tulimhamishia kwetu Lakeville, akaishi miaka mitatu akisikiliza redio karibu na dirisha. Nilipanga kumwambia Krismasi, halafu Pasaka, halafu atakapopata nafuu ya kifua. Mama yangu alizoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinisaidia kuficha: Mzee alifariki mwezi wa Machi, hajui lolote, na mke wangu hajui mpaka leo.

Upofu wenyewe aliuzoea upesi. Alipajua kila kiti kilipo, alivaa viatu mwenyewe, alijimiminia kahawa bila kumwaga hata tone. Sukari tu ndiyo iliyomshinda. Kila asubuhi alinisukumia kikombe na kijiko juu ya meza.

"Nipimie wewe," alikuwa akisema. "Mkono wako nauamini."

Nami nilimpimia, vijiko viwili, nikamkorogea.