Ndama wa Anjela

Anjela wa Kikwe alikuwa na wivu, wala hakuuficha. Ukisifia mahindi ya jirani mbele yake, atakuuliza ya kwake yamekukosea nini.

Miaka ile kahawa ilikuwa haimlipi tena mkulima, na ada za shule zilikuwa zimerudi. Usharika ukaanzisha mradi: unapewa ng'ombe wa maziwa, kisha ndama jike wa kwanza unampa jirani anayefuata, naye auze maziwa asomeshe. Anjela alipokea ng'ombe kwa vigelegele. Aliposikia kwamba anayefuata ni Susana wa ng'ambo ya mfereji, vigelegele vikaisha. Akawa anaomba ng'ombe azae dume.

Akazaa jike.

Siku ya makabidhiano mchungaji alimwambia Anjela, "Mama Anneth, achia kamba."

"Nimeshaachia, mchungaji," akajibu, kamba ikiwa bado mkononi.

Kwa Susana yule ndama alikua, akazaa, akamshinda mama yake kwa maziwa. Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Anjela hakujinyonga, alisimama mferejini kila asubuhi akiangalia ndoo ya mwenzake. "Damu ni ya ng'ombe wangu," alikuwa akituambia, "sifa anapata yeye!"

Kisha josho la kijiji likafungwa, kupe wakazidi, na ng'ombe wa Anjela akafa kwa ndigana. Binti yake, Anneth, aliyekuwa kidato cha pili huko mjini, akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Bariki, mtoto wa Susana, aliendelea kusoma. Hilo ndilo lililomliza Anjela kuliko kifo cha ng'ombe.

Asubuhi moja Susana akavuka mfereji na ndoo imejaa.

"Mama Anneth, tuuze kwa zamu. Leo maziwa ni yako, kesho yangu. Mtoto arudi shule."

Anjela akaipokea, akachungulia ndani. "Mbona jana yalikuwa mengi zaidi?"

Anneth alirudi shule, akamaliza kidato cha nne. Jumapili ya shukrani alisimama mbele ya usharika, akamshukuru Mungu, kisha mama zake wawili, Susana na Anjela. Susana alitajwa kwanza.

Nilikuwa nimekaa benchi moja na Anjela. Alipiga makofi kama sisi wote, machozi yanamtoka, kisha akaniinamia sikioni.

"Ndama nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe," akasema. "Mtoto je, nani kamwambia Susana amchukue?"