Moto wa Sista

Kila mwaka, jioni ya mkesha wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, sista mkunga wa zahanati yetu hapa Nyarugusu huwasha moto uani na kuuruka, kama walivyofanya kwao Barcelona, kando ya bahari. Huupuliza akiwa amepiga magoti, kisha hutugawia mkate mtamu wenye vipande vya papai kwa mikono ile ile iliyotupokea duniani. Mwaka huu miguu ilimgomea. Alisimama kando, akivutavuta shela lake. “Basi tena, wanangu. Nimezeeka.” Mama Masalu, aliyezalishwa naye watoto watano, akamshika mkono huu, bintiye Generosa akashika ule. “Twende, Sista. Hatukuachii.” Wakamnyanyua, wakamvusha juu ya makaa. Alipotua alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. “Tena,” akasema.