Kufuli Chini ya Nguo

Kila Jumatano mke wa manamba alikuja zahanati kutoka kambi ya mkonge, na kila Jumatano Mwanne, aliyekuja naye kumpima mwanawe, alimchukia upya. Mgeni huyo hata arobaini hakumaliza ndani. Siku ya kumi na mbili tangu ajifungue alionekana kisimani. Hakuwa na mkwe wa kumkanda kwa maji ya moto wala wa kumpikia uji wa pilipili manga. Mwanne alifanyiwa yote hayo, na maziwa yakamkauka vilevile. Mikono ya mgeni ilichanika kwa miiba ya mkonge, lakini kabla ya kumpima mwanawe alimvua kila kitu, hata ushanga wa kiunoni, taratibu, kama anayemenya yai. Mtoto akiwekwa tu, mshale wa mzani unakimbia, na nesi anacheka kwa furaha.

Jumatano hii Mwanne alisema Husseini wake ana mafua, asivuliwe. Chini ya nguo alikuwa amemfunga kufuli la mlango. Mshale ulipanda, nesi akamsifu. Nesi alipoinama kuandika, mke wa manamba alimpapasa Husseini mgongoni, mkono ukagota kwenye chuma. Alikaa kwenye benchi, akalegeza kanga.

"Nipe, dada. Ana njaa huyu."

Mwanne alitaka kukataa, mikono ikampa. Husseini alinyonya mpaka jasho likamtoka puani. Mama yake aliponyoosha mikono kumchukua, mtoto alimtazama kidogo, akageuza uso, akarudi kulekule kifuani kwa mgeni.